Kipimo Kimesema Hakuna Malaria. Basi Mtoto Ana Nini?

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alirudi kutoka kwa kemisti na mtoto mgongoni, kile kijikasha cheupe cha kupimia malaria amekishika mkononi kama mtu aliyepunjwa anayeonyesha risiti. "Tazama," akaniambia, "mstari mmoja tu. Wanasema hana malaria. Na mtoto awaka moto hivi, hebu mshike mwenyewe." Nikamshika paji la uso. Kweli alikuwa anawaka. Mtoto wa miaka minne, macho mekundu, hataki hata embe. Nyanyake alikuwa kibarazani anachambua mchicha, naye akakata shauri bila kuinua kichwa: "Hiyo ni malaria tu. Imejificha kwenye ini. Mpeni dawa."

Mazungumzo haya nimeyasikia Likoni, nimeyasikia Majengo, nimeyasikia Mikindani, na kila mara huishia pale pale: mtoto anapewa dawa ya malaria ambayo kipimo hakikuiagiza, siku tatu zinapita, homa inashuka, na kila mtu anasema "si nilikwambia?" Ninachotaka kueleza ni kile ambacho huenda kilikuwa kinatokea siku hizo tatu.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko umo humo. Mtu wa Nairobi akikwambia ana homa, mara nyingi anapiga chafya; ni mafua. Sisi wa pwani tukisema homa twamaanisha mwili kuchemka, na kwa wazee wetu homa na malaria ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kwa daktari, homa si ugonjwa kabisa. Ni joto la mwili lililopanda kupita nyuzi 37.5 hivi, na aliyelipandisha ni mwili wenyewe ili upigane na kitu kilichoingia. Homa ni mayowe. Ukiyasikia usiku utajua kuna jambo, lakini hayakwambii kama ni mwizi, moto au nyoka. Lazima utoke ukaangalie.

Ukitoka ukaangalia, kwa mtoto wa Mombasa utakuta makundi matatu. Kuna vimelea, na hapo ndipo malaria ilipo. Kuna bakteria, ambao huleta tafuidi, nimonia na maambukizi ya njia ya mkojo. Halafu kuna virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya maabara, ambavyo haviwezi kuishi peke yake bali huingia ndani ya chembe za mwili na kuzifanya kiwanda chao. Virusi vingine huingia kwa pumzi, kama mafua na surua. Vingine huletwa na mbu, na hivi ndivyo nitakavyovizungumzia zaidi: dengue, chikungunya, Zika, West Nile na o'nyong'nyong.

Majina hayo yanasikika kama ya ng'ambo, na ndiyo maana watu huyachukulia kuwa magonjwa ya watalii. Ukweli ni kinyume. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika eneo la West Nile nchini Uganda. Zika ni msitu karibu na Entebbe, ambako kirusi kilipatikana kwa kima mwaka 1947. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la kujikunja, kwa sababu ya jinsi wagonjwa walivyotembea wamepinda huko Newala, Tanganyika, mwaka 1952. O'nyong'nyong ni neno la Waacholi kuhusu viungo kuvunjika. Ugonjwa huo ulizuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na ukakumba watu takriban milioni 2 Afrika Mashariki. Na dengue? Wapo wasomi wanaoamini kwamba hata jina hilo lilitoka kwetu. Karne ya 19 watu wa Zanzibar waliita ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo kidinga pepo, na inasemekana neno hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likapita katika vinywa vya Wahispania, likarudi likiwa dengue. Tanzania hadi leo wanaiita kidingapopo. Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya watafiti wanaona ugonjwa ule wa Zanzibar, kwa dalili zilizoandikwa, ulikuwa chikungunya. Kumbe kuchanganya homa hizi hatukuanza sisi.

Hapa Pwani zimepita mara nyingi. Dengue ilithibitishwa Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikazuka Mombasa 2013, ikarudi 2017 na tena 2021. Chikungunya ilianzia Lamu mwaka 2004, ambako inakadiriwa robo tatu ya watu waliambukizwa, ikashuka Mombasa mwaka huo huo, kisha ikavuka kwenda Komoro na hadi kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Mwisho wa 2017 ikaturudia Mombasa, na wengi wetu twakumbuka majirani waliotembea kwa kushika ukuta.

Hizo ndizo nyakati zilizofika redioni. Katikati yake virusi havikuhama mji. Mwaka 2013, wakati wa mlipuko wa dengue, watafiti waliingia nyumba kwa nyumba Mombasa wakachukua damu za watu wapatao 1,500. Asilimia 13 walikutwa na alama za kuambukizwa dengue katika damu, na zaidi ya nusu ya hao hawakukumbuka kuwa na homa yoyote. Wengi katika wale waliougua na kwenda hospitali walikuwa wameambiwa wana malaria.

Namba hiyo ya zaidi ya nusu ndiyo ya kuishika. Dengue ina sifa ya kuua, na kweli huua, lakini katika kila watu wanne wanaoambukizwa ni mmoja hivi tu anayeugua. Zika na West Nile huwapita watu wanane kati ya kumi bila wao kujua. Chikungunya ndiyo yenye kelele: akiingiwa nayo mtu, aghalabu atajua. Kwa watoto picha ya kawaida ni homa inayopanda ghafla, kichwa, mwili kuuma, pengine upele mdogo mdogo siku ya tatu au ya nne, pengine kutapika kidogo, na baada ya siku tano au saba mtoto anarudi kudai mkate wa mayai. Mtoto mchanga hawezi kukwambia viungo vinamuuma. Utaona tu analia kila akibebwa na kunyamaza akilazwa. Wazazi hudhani amedeka.

Sasa huyo anayevibeba. Mbu ni matatu na virusi ni abiria, na si kila abiria hupanda kila matatu. Wa Likoni hapandi ya Bamburi. Anopheles, mbu wa usiku, ndiye matatu ya malaria, na katika hawa jamaa zetu humbeba o'nyong'nyong. Culex, yule anayekupigia kinanda sikioni, mbu wa mitaro na mashimo ya maji machafu, humbeba West Nile, na pia minyoo ya matende. Wa tatu ndiye anayetuponyoka: Aedes, mdogo, mweusi, miguu ina pete nyeupe kama soksi za mchezaji mpira. Huyu ndiye wa dengue, chikungunya na Zika. Hapigi kelele. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, tena hupenda vifundo vya miguu. Fikiria watoto wamekaa mkekani madrasa saa kumi jioni, miguu wazi. Neti iliyofungwa vizuri kitandani itakuwa inamlinda mtoto na malaria usiku, na hilo ni jambo kubwa, lakini Aedes huwa amekwisha kula na kuondoka kabla ya neti kushushwa.

Sio mbu wa mtaro, kwa hiyo. Hili huwashangaza watu kuliko yote. Tunapolalamika kuhusu mitaro iliyoziba tunamlaumu Culex, na ni haki yake. Aedes anataka maji safi yaliyotulia, karibu na watu. Rabai, safari fupi tu kutoka hapa, wanasayansi walipata tangu miaka ya 1970 makundi mawili ya mbu huyu huyu: mmoja wa msituni, anayezaa kwenye matundu ya miti, na mwingine aliyehamia ndani ya nyumba, akazaa kwenye mitungi ya maji ya kunywa na kupendelea harufu ya binadamu kuliko ya mnyama. Huyo wa pili ametujua vizuri. Hata haruki mbali. Wengi humaliza maisha yao ndani ya mita mia mbili hivi kutoka walipozaliwa. Ukiumwa naye nyumbani, yaelekea alizaliwa kwako au kwa jirani.

Turudi kwa kile kijikasha. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta kitu kimoja tu katika tone la damu: protini inayotolewa na vimelea vya malaria. Ni bawabu aliyepewa picha ya mtu mmoja. Muulize kama huyo amepita, atakujibu. Muulize nani mwingine amepita, hana habari, wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Mstari mmoja una maana "huyu wa kwenye picha sikumwona". Hauna maana kwamba mtoto mzima, wala kwamba mashine ni mbovu.

Na ile ya kujificha kwenye ini? Nyanya hakuitunga. Ni kweli vimelea vya malaria vikiingia kwa kuumwa na mbu hukimbilia ini kwanza, vikakaa humo wiki moja hivi. Ila wakati viko kwenye ini mtu hana homa. Homa huanza vinapotoka na kupasua chembe nyekundu za damu, na damu ndipo kipimo kinapochungulia. Kwa hiyo malaria ya huku kwetu ikishamchemsha mtoto, kwa kawaida haina tena pa kujificha. Mara moja moja kipimo hukosa, hasa mapema sana vimelea vikiwa vichache, na ndiyo sababu homa ikiendelea mtoto hupimwa tena baada ya siku moja au mbili. Kupimwa tena, si kupewa dawa kwa kubahatisha.

Lakini tusimcheke nyanya. Kwa miaka mingi ushauri rasmi wa madaktari wenyewe ulikuwa huo huo: mtoto mdogo akiwa na homa katika eneo la malaria, mtibu malaria. Malaria ilikuwa nyingi mno na vipimo vichache, kubahatisha kukawa kunaokoa maisha. Mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotaka kila homa ipimwe kwanza. Neti zimeenea, dawa zimeboreka, malaria ya Pwani imepungua sana kuliko alivyoijua yeye alipokuwa analea. Nyanya amebaki na ramani ya mji wa zamani. Barabara ndizo zilizohamishwa.

Kinachoshukiwa baada ya malaria kukosekana huwa ni tafuidi. Kuna kile kipimo cha damu cha zamani kinachoitwa Widal, ambacho kwa dakika chache kitakwambia una "typhoid kidogo". Mimi kipimo hicho sikiamini kikifanywa mara moja peke yake, na si mimi tu: mtu aliyewahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo zamani anaweza kuonyesha jibu lile lile. Hapo mtoto mwenye dengue anaanzishiwa antibaotiki. Antibaotiki huua bakteria, kwa virusi haifanyi lolote, ila kumharisha mtoto na kuwafundisha bakteria wengine ujanja.

"Basi wapime hiyo dengue," jirani yangu akasema, na ni swali la haki. Vipimo vipo, lakini vina siku zake. Siku tano za mwanzo hutafutwa kirusi chenyewe au protini yake katika damu. Baadaye kirusi hutoweka, na kinachotafutwa ni kingamwili, yaani alama za askari wa mwili waliokuja kupigana. Ukipima kingamwili siku ya pili utaambiwa hakuna, ilhali ugonjwa upo. Ukitafuta kirusi siku ya tisa utakuta kimeshaondoka. Na vipimo hivi haviko katika kila zahanati. Tena jibu likija, kwa mtoto anayekunywa, anayekojoa na kucheza-cheza, matibabu hayabadiliki, kwani hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Kwa hiyo daktari akisema "ni virusi tu", mzazi husikia "sijui, nenda nyumbani". Nakubali wengine huitumia hivyo. Mara nyingi, hata hivyo, ni jibu kamili.

Nyumbani kuna kazi mbili: maji na joto. Maji kidogo kidogo mara nyingi: uji mwepesi, dafu, maji ya chumvichumvi ya pakiti, maziwa ya mama kwa anayenyonya. Kwa joto na maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto, si zaidi ya mara nne kwa siku nzima. Hapa naomba uangalifu. Maadamu dengue haijaondolewa katika hesabu, usimpe Brufen, aspirini, wala usikubali ile sindano ya diclofenac ambayo watu huipenda kwa kuwa inashusha homa upesi. Dengue hupunguza zile chembe za kugandisha damu, na dawa hizi huongeza hatari ya kutoka damu. Aspirini ndiyo isiguswe kabisa kwa mtoto mwenye homa ya virusi. Majani ya mpapai hayajathibitishwa kutibu. Mwarobaini nao sijaona mtoto aliyekubali kuunywa bila vita, na aliyekwisha kutapika hana nguvu za vita.

Sasa lile jambo ambalo ningependa mtu alikumbuke hata akisahau mengine yote. Dengue inapokuwa mbaya, huwa mbaya homa inaposhuka. Si inapopanda. Kati ya siku ya tatu na ya saba joto linatulia, mama anashukuru, mtoto anaachwa alale, na ni katika saa zile 24 hadi 48 ambapo kwa wachache mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Unajua bomba kubwa la mtaa likipasuka: mfereji wako unabaki pale pale, lakini ukifungua unatoa pumzi tu. Mwili nao hufanya hivyo. Mikono na miguu inakuwa baridi, mtoto analegea au anakuwa msumbufu kupita kiasi, tumbo linamuuma sana, anatapika tena na tena, fizi au pua zinatoka damu, anapitisha saa sita bila kukojoa. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Na kuna wale ambao hawangoji tangu mwanzo: mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa yoyote, mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyepata degedege, shingo iliyokauka, au anayepumua kwa shida. Hao ni wa hospitali, kipimo cha malaria kiwe kimesema nini.

Dengue pia ina aina nne. Ukiugua moja, hiyo hairudi, lakini tatu zimebaki, na mara ya pili kwa aina nyingine inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo "ameshaugua, amekingika" ni nusu ya ukweli. Na haziambukizwi kwa kukohoa wala kulala kitanda kimoja; ila mgonjwa akiumwa na Aedes leo, baada ya siku nane hadi kumi na mbili mbu huyo anaweza kumpa mtoto wa mlango wa pili. Kumwekea mgonjwa neti mchana si wazimu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona mtoto. Mama alikuwa anateka maji ya kumpangusa, nami nikamfuata hadi uani. Sote twaijua hali ya maji mji huu: mfereji unatoka leo, kisha haujulikani, kwa hiyo kila nyumba ina pipa, mitungi ya lita ishirini iliyopangwa ukutani, na mwenye mkokoteni wa kumpigia simu. Ule mlipuko wa Lamu na Mombasa wa 2004 ulikuja wakati wa ukame, si wa mafuriko, na sababu iko katika pipa. Mvua haikunyesha, watu wakaweka maji, mbu akapata nyumba.

Pipa lake lilikuwa safi. Nasema hivyo kwa sababu alikasirika nilipoomba kuchungulia. Maji yalikuwa angavu hadi chini. Nikawasha tochi ya simu nikaielekeza pembeni, na wakaanza kucheza: viluwiluwi, vyembamba kama uzi uliokatwa, vinapanda kuvuta pumzi na kushuka vikijikunja. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na hayo ndiyo ya kunywa."

Tulimwaga yaliyobaki kwenye mashina ya migomba. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hugandishwa ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, meusi kama masizi, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja pipa lijazwe tena. Kutoka yai hadi mbu ni siku saba hadi kumi, kwa hiyo pipa linalosuguliwa kila wiki halitoi mbu. Alilisugua kwa kumbi la nazi na sabuni, ule mzunguko wa juu hasa. Mimi nikakusanya vifuu viwili vya nazi, tairi la baiskeli na kopo la rangi nyuma ya banda la kuku. Kila kimoja kilikuwa na maji yake.

Siku ya tano upele ulitoka kifuani, siku ya sita homa ikawa imekwisha. Mama alikesha usiku ule akimshika miguu kila mara kuona kama ni baridi, na akimwamsha kukojoa. Asubuhi mtoto aliomba mahamri. Nyanya aliniuliza ilikuwa ugonjwa gani hasa, nikamwambia hatukupima, kwa hiyo jina lake hatutalijua. Hakupendezwa na jibu hilo.

Pipa lilikuwa na kifuniko muda wote, cha bati. Ila upande mmoja kilikuwa kimekunjwa juu kidogo, upana wa kiganja, ili kata ipite bila kukifunua. Nilimwacha uani amekilaza kwenye sakafu, anakigonga kwa mchi.